Kibandiko Chini ya Tope

Sarafu ya shaba haisuguliwi. Unailoweka kwenye mafuta ya zeituni wiki tatu, kisha unaing'oa tope kwa kijiti cha meno, punje kwa punje.

Leo nilikuwa nimefika kwenye pua ya Mfalme George aliyechorwa kwenye sarafu, kijiti kiliponasa kitu kinachonata. Kilikuwa kibandiko cha plastiki, kama vile wauza sarafu za kale wanavyobandika kwenye bidhaa zao, kimeandikwa 37.

Tangu nistaafu, kila Jumamosi nazunguka na mashine ya kunusa vyuma vilivyofukiwa kwenye shamba la jirani, hapa Norfolk, magoti yakiniwaka, nikiilaani mvua. Ningekuwa nimeshaacha zamani. Lakini nikirudi na sarafu, mke wangu Beryl hucheka kama msichana.

"Haya mzee wangu, imetoa sura?"

Aliingia na chai. Kucha zake zilikuwa na udongo, na bustani hatuna.

Nilikitupia kibandiko mdomoni, nikakimeza.

"Mfalme, mama! Mfalme mzima!"

"Si nilikwambia? Jumamosi jaribu kule kando ya mtaro," alisema. "Na nimekununulia buti mpya."