Gogo Viazi Mbele ya Kamati

Walipofika kwenye video ya wimbo wa kuku, Mzee Kibii alizima simu ya Weldon na kuilaza mezani kifudifudi. Wazee wenzake wa kamati ya kanisa walikohoa. Mmoja aligeukia ukuta, maana kicheko kilikuwa kimeshamfika kooni na hapakuwa mahali pa kucheka.

Weldon alisimama mbele yao, mikono nyuma, kama mtoto wa shule aliyechelewa. Mamake, Chepkemoi, aliketi kwenye benchi karibu na mlango, mkoba mapajani, uso umekunjamana. Alikuwa na hasira tangu asubuhi. Hata kwenye ibada aliongoza kwaya bila kutabasamu. Njiani Weldon alikuwa amemsihi anyamaze, amwachie mambo yote yeye, harusi yake isije ikaharibika.

Hakuna aliyekuwa hamjui Gogo Viazi pale Olenguruone. Gogo kwa Kikalenjin ni nyanya, yaani bibi, na huyu alikuwa nyanya wa kwenye simu: kitambaa kimeshuka hadi kwenye nyusi, miwani myeusi mikubwa, uso umepakwa unga, sauti nzito ya kukwaruza. Aliimba akimenya viazi au akikamua ng'ombe, na hakumsaza mtu. Aliwaimba madalali wa Molo wanaofunga gunia la viazi likawa refu kuliko mwenye shamba. Aliwaimba machifu. Kwa mwaka mmoja alikuwa ameingia kwenye simu za watu kutoka Nakuru mjini mpaka kwa wafanyakazi wa mashamba ya maua kule Kamere. Alialikwa kwenye matamasha na redioni akakataa kote, na watu wakasema umaarufu umeshampanda kichwani.

Vijana wanaovaa rinda na kujifanya wamama wazee wamejaa mtandaoni. Huyu naye akaunti yake ilikuwa na namba ya Weldon, na ng'ombe wa kwenye video alikuwa wa kwao, yule aliyevunjika pembe. Kesi ilikuwa imekwisha kabla ya kuanza.

Wimbo wa kuku ulimhusu mzee wa kanisa aliyekwenda kumwombea mgonjwa. Mzee anaombea chakula kwanza, jicho moja kwenye sufuria. Anamaliza kuku, anafuta mdomo, anaaga, na mgonjwa anabaki chumbani akisubiri mkono wa kuwekewa kichwani. Haukutaja jina. Mzee Kibii ndiye aliyejitaja, kwa kupiga kelele sokoni kwamba amechafuliwa. Hapo ndipo watu walipoanza kukumbuka kuku wa nyumbani kwa Chepkemoi, wakati mumewe alipokuwa amelala na ule ugonjwa uliomuua.

"Wewe hata hukuwa nyumbani siku hiyo," Mzee Kibii alimwambia Weldon. "Ulikuwa Nakuru college. Hii maneno ulitoa wapi?"

Weldon alitazama viatu vyake.

Mzee Kibii alimgeukia Chepkemoi, akalainisha sauti. Alimsifu mbele ya wote. Mama wa heshima, alisema, mjane aliyelea vizuri, anayeongoza kwaya, na wanaume wa besi wakikosa kuja anaiimba besi mwenyewe. Halafu mtoto wake anavaa rinda na kuwafanya kina mama kama yeye kichekesho. Hata kukamua, mzee mwingine aliongeza, kijana ameiga vizuri mno.

Chepkemoi aliufinya mkoba wake mpaka ngozi ikalia.

Uamuzi ulisomwa. Weldon angewekwa kando katika ushirika, na harusi yake na Cheruto mwezi ujao isingefanyika katika kanisa hilo. Kila mtu chumbani alijua maana yake. Baba ya Cheruto alikuwa ameshasema kwamba binti yake hataondoka nyumbani bila pete ya kanisani, na si mtu wa kubembelezwa.

"Lakini sisi si watu wabaya," Mzee Kibii alisema. "Jumapili ijayo utasimama mbele ya watu, useme hiyo stori ya kuku ni uongo. Useme niliingia kwa mgonjwa, nikamwombea. Hapo tutasahau, na harusi yako iendelee."

Huo ndio mzigo wenyewe waliokuwa wakiuzungusha tangu mwanzo. Kijana avae pete, na marehemu asingiziwe kwamba aliombewa. Weldon alimfikiria Cheruto, ambaye gauni lake lilikuwa tayari kwa fundi.

"Sawa, mzee," alisema polepole. "Nitasema ni uongo."

Benchi lilikwaruza sakafu. Chepkemoi alikuwa amesimama, na alivyokuja alikuja kwa miguu ya mtu aendaye kupiga. Wazee walivuta viti nyuma. Weldon alifumba macho, akakaza shavu.

"Mwacheni," Mzee Kibii aliwaambia wenzake, karibu atabasamu. "Mwacheni mama amfunze mtoto wake."

Chepkemoi alimpita mwanawe. Alifika mezani, akaiokota ile simu, akamtia Weldon mkononi. Kisha akavuta kitambaa chake cha kichwani hadi kwenye nyusi, akafungua mkoba, akatoa miwani myeusi mikubwa, akaivaa.

"Washa kamera, Weldon," alisema kwa sauti nzito ya kukwaruza. "Na leo usitingishe mkono."