Tochi ya Zambarau

Meshaki aliipulizia pumzi tochi ya zambarau, akaifuta kwa upindo wa shati, akailaza mwisho wa mstari juu ya ngozi ya ng'ombe. Zikatimia tisa. Akarudi nyuma hatua moja kuziangalia, akajipenda.

Mbele yake, juu ya kigoda, alikaa Mzee Koikai, baba yake Sinyati. Kando ya mzee alikuwa mdogo wake, Kiseyian. Sinyati mwenyewe alisimama mlangoni na birika la chai. Meshaki alikuwa amekuja kumposa, na alikuja bila mshenga. Mshenga wa nini, na tochi zipo?

Tochi alikuwa anazijua, hilo tusimnyime. Zamani tochi ilikuwa moja nchi nzima, ile ndefu ya bati jeupe inayokula betri mbili kubwa. Ilipokuja ruksa ya biashara na bidhaa za nje zikaanza kumwagika, Meshaki aliweka meza yake karibu na stendi ya Korogwe, akawa hauzi kitu kingine ila tochi ndogo za mfukoni. Zenye kung'aa, zisizong'aa, zilizochanjwa shingoni zisiteleze mkononi. Mteja akisema "nipe yoyote," hauziwi. Watu wakamwita Profesa na yeye, masikini, alidhani wanamsifu.

Ng'ombe je? Kwao walikuwa wafugaji, ndiyo, lakini baba yake alihamia mjini kabla yeye hajazaliwa, na ng'ombe Meshaki alimjulia kwenye chai ya maziwa. Alikuwa anaona haya jambo hilo lijulikane. Kwa hiyo Sinyati, aliyekuwa akijifunza ushonaji pale Korogwe, alipomletea ujumbe wa baba yake, hakutaka kuulizauliza.

"Baba atakusikiliza," Sinyati alimwambia. "Ila anataka rangi kwanza."

"Rangi?"

"Rangi. Wewe si unajua mambo yetu?"

"Aa! Najua sana."

Kumbe sifa zake zimefika mpaka Handeni, kwa kina Sinyati! Wiki nzima akawa anachambua tochi, anapanga, anapangua. Chakula hakipiti. Mzee alikuwa ameshawarudisha wachumba wawili, na Meshaki alijua kwamba bila Sinyati hata hiyo meza ya stendi asingeiona kuwa na maana yoyote.

Sasa mzee aliinama, akaigusa tochi ya kwanza kwa ncha ya fimbo.

"Hii?"

"Nyeusi, mzee. Isiyong'aa."

"Hii?"

"Ya majivu. Ile pale ya maziwa, inayofuata kahawia."

Kiseyian akawa anazirudia kwa Kimaasai, polepole, chini chini, huku akikunja kidole kwa kila rangi. Meshaki akamtupia jicho akafurahi. Huyu naye tayari mteja.

"Hii nyekundu na ile," mzee akauliza, "si moja?"

"Mzee wangu! Hii ni ya udongo, ile ya damu. Mtu akikuahidi hii halafu akakuletea ile, huyo ni tapeli."

Mzee akamgeukia mdogo wake.

"Tapeli," Kiseyian akakubali.

"Na ikiwa na kovu?"

"Siipokei hata ya bure."

Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika. Fimbo ikaendelea kutembea mpaka ikafika mwisho wa mstari, ikasimama. Akaitazama ile ya zambarau muda mrefu, upande huu, upande ule.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "nane zinatosha. Hii tuiache."

Sinyati akakohoa. Meshaki akadhani ni moshi, ingawa moto ulikuwa umeshazimika.

"Tuiache? Mzee, hiyo ndiyo roho yao! Bila hiyo, hizo nane ni bati tupu. Kwa ajili ya Sinyati mimi siwezi kushuka chini ya tisa. Nitakuwa nimemvunjia heshima."

Sinyati akakohoa tena, safari hii birika nusura limponyoke. Mzee akamnyooshea mkono anyamaze.

"Una hakika?"

"Kama ninavyosimama hapa."

Wazee wawili wakanong'ona kwa Kimaasai. Meshaki hakuambulia kitu, akabaki anatabasamu na kutikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Kiseyian alikuwa na vidole tisa vimekunjwa, na cha tisa alikuwa anakiangalia kwa mashaka.

Hatimaye Koikai akainuka. Meshaki akainamisha kichwa, na mzee akaweka kiganja chake juu ya utosi.

"Nimekubali," akasema. "Wale wawili walikuja wanapunguza, wanabembeleza. Wewe umetaja mwenyewe, na shahidi amesikia."

Machozi yakamlengalenga Meshaki. Alitaka kuruka, akajizuia. Alitaka kumtazama Sinyati, naye alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatikisika. Analia kwa furaha, mpenzi wa watu.

Mzee akaanza kuziokota tochi moja moja na kumrudishia.

"Lakini baba, hizi ni zawadi yako!"

"Hapana, kaa nazo. Ukifika mnadani usije ukasahau rangi."

Akabaki na ile ya zambarau. Akaigeuzageuza juani, kisha akaichomeka taratibu kwenye mfuko wa shati la mkwe wake.

"Na ng'ombe huyu," akasema, "awe jike."