Kesi ya Kisima na Mashine

Fundi alishika spana, akauliza mara ya tatu, "Nifungue?"

Watu watatu walikuwa wamesimama jikoni kama wanaosubiri hukumu, macho yote kwenye ile mashine ya kuchuja maji chini ya sinki.

"Fungua, mwanangu," alisema Mzee Sururu. "Mwaka mzima nimengoja. Nisije nikafa ukiwa bado unauliza."

Jina hilo Mzee alilipata kwa kisima chake. Alikichimba ujanani, kwa sururu, mwamba baada ya mwamba, majirani wakimcheka. Maji matamu yalipotoka, wale wale wa kucheka walikuja na ndoo. Kikawa mtoto wake wa kwanza. Mtoto wa pili, wa damu, ndiye huyu aliyesimama pembeni na kipima cha chumvi ya maji mfukoni mwa shati, pale wenzake wanapoweka kalamu. Mkewe alimwita Maabara.

Mwaka uliotangulia, Maabara na mkewe walihamia kwa Mzee. Wiki ya kwanza tu birika likafanya ukoko mweupe. Maabara alichovya kipima kwenye glasi, akatikisa kichwa kama daktari mbele ya ndugu wa mgonjwa.

"Baba, haya maji ni chumvi tupu. Kisima kimeharibika. Tukifunike kwa zege, tuombe bomba la mtaa. Na hapo juu nitapata pa kuegesha gari."

"Kisima changu hakina chumvi. Birika la mkeo ndilo chafu."

"Baba, birika langu nalisugua kila siku," alisema mke, kwa heshima yote aliyobakiwa nayo.

Maabara hakubishana. Msomi habishani, hununua mashine. Ilikuwa na machujio manne, na la mwisho ndilo mfalme wao: utando mwembamba uliokunjwa kama mkeka, mafundi wanauita membreni. Maji husukumwa kwa nguvu yakapenya, chumvi ikabaki mlangoni ikilia. Basi baba na mwana wakapatana mbele ya mke. Mashine ifanye kazi mwaka mmoja. Siku ya kubadilisha membreni, ikitoka na ukoko wa chumvi, kisima kifunikwe. Ikitoka safi, mashine ing'olewe, na asitokee mtu tena wa kukisema kisima.

Siku ile ile Mzee alitia kufuli kwenye kibanda cha pampu na tangi la nyumba, asije mtu, alisema, akaongeza chumvi kwa mkono. Maabara alicheka mpaka akakohoa. Mtu mwenye kipima ana haja gani ya hila?

Na mashine ikafanya maajabu! Haukupita mwezi, ukoko ukaisha hata bafuni, ambako mashine haikufika. Maabara alichovya kipima kwenye ndoo ya kuogea, namba ikashuka.

"Mmeona?" alisema. "Ukiwa na mashine nzuri nyumbani, hata maji ambayo hayajapita humo yanashika adabu."

Mkewe alimgeukia. "Mume wangu, hivi ulisoma shule gani vile?"

Jambo moja tu lilimuuma Mzee. Kwa kila ndoo moja ya kunywa, mashine ilimwaga ndoo tatu kwenye mfereji wa nje. Mzee alikuwa akisimama pale, mkono kifuani, akiyatazama yale maji yakienda, kama mtu anayesindikiza jeneza.

"Mgeni gani huyu," alinung'unika, "anakula kijiko, anamwaga sufuria!"

"Baba, si unasema kisima kina maji tele? Huzuni ya nini?"

Mzee alikwenda kutafuta beseni la kukingia.

Sasa fundi akazungusha spana. Akaitoa membreni, akaipangusa, akaipeleka dirishani kwenye mwanga. Akainusa. Akaikata kwa kisu, akaikunjua mezani mbele yao. Nyeupe pe, kama siku ilipotoka kiwandani.

"Hii haijafanya kazi," alisema. "Imekaa tu kula mshahara. Mtu mwenye maji kama haya, mashine ya nini?"

Maabara alichovya kipima kwenye glasi ya maji. Akakikung'uta, akachovya tena. Akakigonga kwenye meza, akachovya mara ya tatu. Kipima hakikuwa na huruma. Basi akakirudisha mfukoni, akapiga magoti palepale jikoni, suruali ya kazini na yote.

"Nisamehe, baba. Nilitaka kukizika kikiwa hai."

"Inuka," alisema Mzee. "Msomi hakosei. Anapitiwa tu."

Kabla ya saa sita mashine ilikuwa imeng'olewa, na mke amepata chini ya sinki mahali pazuri pa kuweka sabuni zake. Mchana ule Maabara alipiga simu kwa mtu wa zege aliyekuwa amemweka tayari, akamwambia asije tena, wala mwakani.

Jumanne iliyofuata, mwana akiwa kazini na mkewe sokoni, gari la maji liliingia kinyumenyume kwa geti la nyuma. Dereva alishuka, akaburuta mpira mpaka kwenye tangi bila kuonyeshwa njia.

"Mzee wangu," alisema, "mwaka mzima nakuletea maji kila wiki, na kisima unacho hapa. Kwani kina nini?"

Mzee Sururu alitazama kwanza dirisha la jikoni.

"Chumvi," alisema. "Mimina taratibu."