Zamu ya Mzee Mathayo

Mzee Mathayo alipotamka kwamba yule kabaila wa kwenye riwaya ni kiongozi wa mfano, kundi letu zima la wasomaji pale Magomeni lilimkodolea macho.

Riwaya yenyewe ni ya Kiingereza, ya zamani, na ni kejeli mwanzo mwisho. Nakala ni moja, kwa hiyo tuliichana vipande vitatu tusome kwa zamu. Mzee alianza na cha katikati, ambamo kabaila anahutubia tu.

"Ile hotuba yake ya ndoa nimeitafsiri," alisema, uso umemng'aa. "Nimeisoma kwenye sendofu ya kumuaga bibi harusi kule Kidete. Watu walisimama kunipigia makofi!"

Tuliinama kuficha vicheko. Kipande cha kwanza, ambamo mwandishi anamvua nguo kabaila huyo, nilikuwa nimekikalia mimi.

"Nipe, mwanangu. Sasa ni zamu yangu."

Uzi wa gunia tulioshonea kipande ulinikwaruza paja. Sikuwa na moyo wa kumharibia furaha.

"Samahani mzee, nimekisahau nyumbani."

"Hakuna neno. Mama yako ameniomba niisome hotuba ile na kwenye harusi yako Jumamosi."

Nikanyanyuka, nikampa kipande kwa mikono miwili.