Kete Imesogea

Fundi simu alifuta takataka zote za kivinjari, akafungua upya ukurasa wa mchezo wa drafti, na kete nyeusi ikaonekana imesogea.

"Amecheza!" Shangazi akapiga kigelegele mpaka majirani wakachungulia mlangoni. "Mtoto wetu mzima!"

Tangu mapigano yaanze kwenye mji anakofanya kazi kijana wao, simu zilikuwa hazipiti. Ulibaki mchezo huo wa mtandaoni aliokuwa akicheza na mama yake, nao ukaganda kwenye maneno "Zamu ya mpinzani". Mama aliuburuta ukurasa ule chini ili ujifungue upya, akaburuta tena na tena, hata ncha ya kidole ikang'aa kama imepigwa pasi.

"Si nilisema ni mtandao tu? Nyie mshaanza kulialia. Wifi, cheka basi!" Shangazi akamwambia Mama.

Mama akacheka, akaibusu kete nyeusi juu ya kioo.

Fundi naye alikuwa anacheka, mpaka alipoona kialama kidogo cha saa pembeni ya ile kete. Mchezo huo aliujua. Mchezaji asipotokea mpaka muda wake ukaisha, mchezo humchezea wenyewe na kuweka alama hiyo.

"Lakini leo kacheza ovyo, kanipa kete ya bure," Mama akasema, macho yamemlowa. "Mwanangu hachezi hivi. Au ni njaa, fundi?"

Fundi akaifunika ile saa kwa dole gumba.

"Zamu yako, Mama," akasema. "Cheza."