Moto wa Mji Mama

Watu wa mji huu walihama mji mama, wakavuka bahari na moto wa mungu ndani ya chungu, na hadi leo kila bibi harusi lazima awashe jiko lake kwa moto huo. Timandra, mama wa bwana harusi, alishika mwenge wa moto huo lakini hakuusogeza kwenye jiko la bibi harusi. Uvumi aliousikia kisimani ulikuwa umemkaa rohoni, akamgeukia bibi kizee mmoja.

"Bi Mirtale, wewe ndiye uliyebeba chungu. Wanasema moto ulizimika baharini, nawe ukawasha mwingine kwa mawe. Apa, la sivyo harusi hakuna!"

"Siapi ng'o," akajibu bibi kizee. "Siku ile ya tufani, mwanangu, ulikuwa unamzaa huyuhuyu bwana harusi, mayowe chombo kizima. Nilikushika wewe kwa mikono yote miwili. Chungu kingeshikwa na nani?"

Timandra akamtazama mwanawe, taji la maua kichwani, kisha akausogeza mwenge kwenye jiko.