Kidole cha Mama Mkwe

Paka akiua ndege wa mwituni, lazima mtu mmoja wa nyumba hiyo aondolewe sauti, na wa kwanza kutajwa ndiye huyo. Paka wetu alipoua chiriku, afisa aliniuliza, "Nani, mama?"

"Mama mkwe," nikamjibu upesi. "Ameisema chumvi ya mchuzi wangu miaka tisa. Yatosha."

Bi Mwanakheri alifumbua mdomo apinge, lakini sindano ilikwisha mwingia kooni.

Tangu hapo, kila alfajiri alimfungulia paka dirisha. Nilidhani ni upweke.

Leo paka kaja na ndege mwingine, shorewanda, mdomoni, akamtua miguuni pa Bi Mwanakheri. Afisa akarudi na swali lake lile lile. Nilivuta pumzi nijibu, lakini Bi Mwanakheri alikwisha ninyooshea kidole, huku akitabasamu.